Udongo wa Mrima

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai nilishuka kwenye matatu katika barabara ya kutoka Ukunda kwenda Lunga Lunga, nikapanda bodaboda hadi chini ya Kilima cha Mrima, na kabla nusu saa haijapita viatu vyangu vilikuwa vimegandwa na udongo wa kahawia iliyokoza, mzito, wa aina isiyokung'utika kwa urahisi. Askari wa msitu aliyekuwa akinisubiri aliviangalia, akacheka, akaniambia kwamba nimekwisha kubeba mali ya watu hata kabla sijaingia msituni. Niliyachukua maneno yale kuwa mzaha wa kumpokea mgeni. Ilinichukua siku nzima ya kupanda na kushuka, na usiku wa kusoma baada ya hapo, kuelewa kwamba hakuwa akitania.

Katika Kidigo, lugha ya wenyeji wa hapa, mrima ni mlima, kwa hiyo anayesema Mlima Mrima amelisema neno moja mara mbili. Waswahili wa zamani waliliita Mrima eneo la pwani ya bara linalotazamana na Pemba na Unguja, na watu wake wakaitwa Wamrima. Kilima chenyewe kina mita 323 hivi kutoka usawa wa bahari, na najua kwamba msomaji aliyekulia chini ya Kilimanjaro au Meru atauliza huo mlima uko wapi. Lakini katika nchi hii ya kusini mwa Kwale, pwani ya Kenya, ambako macho hupita juu ya mihindi, mihogo, minazi na mikorosho bila kuzuiwa na kitu, Mrima huonekana kutoka mbali kama mgongo wa mnyama mweusi aliyelala, na mwenzake Jombo, aliye mrefu zaidi, amelala karibu naye. Weusi huo ni msitu. Haufiki hekta 400.

Kilichonipeleka huko ni habari zinazorudi kila baada ya miaka michache kwamba kilima kile kitachimbwa. Safari hii habari zimekuja kwa nguvu, kwa sababu dunia inayatafuta madini adimu kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo, na kwa sababu Kenya yenyewe mwaka 2023 iliorodhesha madini 14 kuwa ya kimkakati, niobiamu, metali ya kuimarisha chuma, ikiwa mojawapo. Kampuni za kutoka Australia zimetangaza nia yao, na maofisa wa Marekani wamefika kilimani kujionea. Nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu thamani ya kilichomo chini ya Mrima, lakini kuhusu viumbe walioko juu yake nimesoma mistari miwili mitatu tu, na kwa kawaida mistari hiyo huwekwa mwishoni, baada ya hesabu za dola.

Nianze hata hivyo na madini, kwa maana asiyeelewa yalivyofika pale hataelewa kwa nini msitu nao uko hatarini kwa namna ya pekee. Mrima ni kisiki cha mwamba uitwao kabonatiti, ambao ulipanda kutoka chini kabisa ukiwa uji wa moto, mamilioni ya miaka iliyopita, ukiwa na chokaa nyingi na vitu vingine vingi vilivyochanganyika kwa kiasi kidogo kidogo. Mvua za miaka hiyo yote ziliifanyia kazi chokaa ile, zikaiyeyusha na kuichukua, na vile visivyoyeyuka vikabaki: chuma, manganizi, niobiamu, madini adimu, na pamoja navyo thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Aliyewahi kumwona mama yake akichuja tui atanielewa nikisema kwamba chokaa ndiyo tui lililokwenda, na udongo wa Mrima ndio machicha yaliyobaki katika kifumbu. Madini hayakukaa katika ufa wa mwamba ambao mtu angeweza kuufuata kwa njia ya chini kwa chini na kuuacha uso wa kilima kama ulivyo. Yamo katika udongo wenyewe, ule uliolika na kuoza kuanzia juu kwenda chini kwa makumi ya mita, ule ambamo mizizi imepita.

Ndiyo maana kauli ya kwamba mgodi utachimbwa kwa uangalifu na msitu kulindwa, ambayo nimeisikia kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa, kwa Mrima haina pa kusimamia. Mgodi wa hapa hauwezi kuwa mwingine isipokuwa wa wazi, unaoanza kwa kuondoa miti na kuendelea kwa kuondoa kile ambacho miti ilikuwa imesimama juu yake. Kampuni iliyokuwa ikifanya utafiti hapo mwaka 2013 ilikadiria kwamba hazina yote ina thamani ya dola za Kimarekani bilioni 62.4. Sina ujuzi wa kuikosoa hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba kila dola iliyohesabiwa ilihesabiwa ndani ya udongo unaobeba msitu.

Tuliingia kwa upande wa mashariki. Mzee mmoja wa kaya aliyefuatana nasi alisimama kwanza pembeni, mahali mashamba yanapokoma, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, kisha akatupa ishara tumfuate. Mrima ni kaya ya Wadigo, yaani msitu wao mtakatifu, na wazee huja kuomba mvua na afya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na kwa muda mrefu hakuzungumza tena, jambo ambalo baadaye nilimshukuru kwa sababu msitu ule unahitaji kusikilizwa kabla ya kutazamwa.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kima, kisha mkwaruzo wa hondohondo juu kabisa, na baada ya hapo, tulipokuwa tumekaa juu ya gogo, mbega wakajitokeza. Walikuwa saba. Mbega wa pwani hii ni weusi wenye nywele ndefu nyeupe mabegani na usoni, na katika Kenya nzima aina hii haipatikani penginepo isipokuwa misitu ya pwani ya kusini, yaani Kwale yetu hii. Hula majani zaidi ya kitu kingine, na tumbo lao limegawanyika katika vyumba vinavyochachusha majani hayo, hivyo hukaa kwa saa nyingi wakiwa wametulia kama wazee barazani, huku tumbo likifanya kazi. Mmoja alikuwa na mtoto mweupe kabisa, kwa kuwa mbega huzaliwa weupe na huanza kupata rangi ya wazazi wao baada ya wiki kadhaa. Askari wa msitu aliniambia niangalie mikono yao, na kweli, dole gumba halipo, limebaki kama kidonda kilichopona, kwa sababu mkono usio na dole gumba hushika tawi kama kulabu na kuachia haraka.

Mnyama wa namna hiyo hakuumbiwa kutembea chini. Hushuka inapobidi, akakimbia kutoka mti hadi mti, lakini uwanda wa mihindi wenye mbwa na barabara si njia kwake. Hapo ndipo penye neno ambalo ningependa wanaoandika tathmini walizingatie. Tunapozoea kusema kwamba wanyama watahama, tunafikiri juu ya nyumbu na tembo, viumbe wa nchi pana. Mrima ni kisiwa, na bahari inayokizunguka ni mashamba. Misitu mingine ya Kwale ipo, Marenji, Gongoni, Buda, na kaskazini zaidi Shimba Hills, lakini mbega wa Mrima hawezi kuifikia kama ambavyo samaki wa kisimani hawezi kuufikia mto. Na hata kama wachache wangefika, wangekuta misitu ile tayari ina wenyewe.

Tulipozidi kupanda, miti ikabadilika. Chini kulikuwa na vichaka vilivyoota baada ya ukataji wa zamani, na juu kukaanza mifune yenye vigogo laini vya rangi ya manjano iliyopauka, vilivyonyooka kama nguzo za msikiti, na mivule michache iliyowaponyoka wapasuaji mbao. Kuna mti mmoja niliotamani kuuona kuliko yote, ambao sikupata kwa wenyeji jina lake moja wanalokubaliana, na ambao wanasayansi huuita Gigasiphon macrosiphon. Hutoa maua makubwa meupe, na umeorodheshwa kuwa miongoni mwa miti iliyo katika hatari ya kutoweka kwa kuwa katika Kenya unajulikana kutoka misitu michache tu ya Kwale, Mrima ikiwa mojawapo, na idadi yake ni ndogo mno. Nilionyeshwa mmoja. Haukuwa na maua, na sitadanganya kwamba ningeutofautisha na majirani zake kama nisingeonyeshwa. Lakini nilisimama chini yake nikifikiri kwamba kuna vitabu vya mimea vinavyoweza kupoteza jina zima kwa sababu ya siku moja ya kazi ya tingatinga.

Juu ya mti huohuo alikuwapo shorobo wa Fischer, ndege wa kijani mwenye kishungi chekundu kisogoni, ambaye makazi yake ni misitu na vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Alipofungua mabawa ili aruke, wekundu mwingine ukawaka ndani yake. Rangi hiyo nyekundu ya mashorobo si ya kawaida kwa ndege, kwani inatokana na kemikali yenye shaba ndani yake, shaba halisi ambayo ndege huipata kidogo kidogo katika chakula chake na kuijenga ndani ya unyoya. Nilicheka peke yangu. Katika kilima chote hiki kinachogombewa kwa ajili ya madini, kuna mchimbaji mmoja ambaye amekuwa akiitoa shaba ya mlimani kwa karne zote bila kuacha shimo.

Chini, juu ya majani makavu, askari alinionyesha rundo dogo lililopangwa kama mto wa kulalia, akasema ni kitanda cha sange. Katika misitu ya Kwale na kaskazini mashariki mwa Tanzania huishi sange mkubwa mwenye mgongo mweusi na mashavu ya rangi ya kutu, mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye hujenga matandiko ya majani kwa ajili ya kulala na mchana hupita akifukua wadudu katika tabaka la majani yaliyooza. Sikumwona. Nilisikia mchakacho wa haraka, kisha kimya. Nalitaja tabaka lile la majani kwa makusudi, kwa sababu ndilo ambalo hakuna mtu anayelipigia picha na ndilo linalobeba nusu ya maisha ya msitu: minyoo, mende, jongoo, vyura wadogo, uyoga, na wote wanaowala hao.

Na ndilo lililonipa bahati yangu ya siku ile. Karibu na njia, mahali penye kivuli kizito, majani yalirushwa mara mbili, na ndege wa ukubwa wa kurumbiza akatokea, mgongo wa kahawia, kifua cheupe kilichojaa madoa meusi kama kanga ya zamani. Alisimama, akatutazama kwa pumzi tatu hivi, akaingia kichakani. Askari alinishika mkono nisisogee. Ni kiruka-chini mwenye madoa ambaye wapenda ndege husafiri kutoka mbali kuja kumtafuta katika misitu ya pwani yetu, na ambaye duniani amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Hazaliani hapa. Huzaliana kusini, na nyanda za Rondo huko Lindi ni mojawapo ya mahali anapojulikana kutaga, kisha huja kwetu kama mwezi wa Aprili na kuondoka kama Oktoba au Novemba. Kwa maneno mengine, mtaalamu atakayepewa kandarasi ya kuhesabu ndege wa Mrima mwezi wa Januari, akafanya kazi yake kwa uaminifu wote, akalala msituni wiki mbili, ataandika kwamba ndege huyu hayupo. Hatakuwa amesema uongo. Na ripoti yake itakwenda ofisini ikiwa na mhuri.

Hili la Januari limenikaa kichwani kuliko mengine yote, labda kwa sababu nimefundisha jiografia kwa miaka mingi na najua jinsi mwanafunzi anavyoweza kupata jibu sahihi kwa swali lisilo sahihi. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya mradi kuanza, na sheria hiyo ni nzuri. Lakini tathmini ni kama picha: inategemea umesimama wapi na umepiga lini. Komba hawaonekani mchana. Vyura hawalii kiangazi. Maua ya mti ule niliouona hayako mwaka mzima, na bila maua hata mtaalamu huenda akaupita. Mimi ningeomba msimu wa vuli, msimu wa masika, kiangazi na kipupwe, vyote vinne, na ningeomba watu wa kijiji wenye macho ya msitu wawekwe katika orodha ya wahesabuji, si katika orodha ya wabeba mizigo.

Kuhusu sheria, Mrima tayari una historia ambayo wengi wamesikia nusu yake. Kilima kilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1961, na mwaka 1992 kikatangazwa tena kuwa turathi ya taifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na kaya nyingine. Machi 2013, muda mfupi baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji, nambari 351. Agosti mwaka huohuo waziri mpya wa madini, Najib Balala, akaifuta. Kampuni ilikwenda katika mahakama za Kenya ikashindwa, kisha pamoja na wenye hisa wake ikaipeleka Kenya mbele ya kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, ikidai kiasi cha dola bilioni 2.

Watu wengi niliozungumza nao waliikumbuka kesi ile kama ugomvi wa fedha na siasa, na bila shaka siasa ilikuwamo. Lakini uamuzi wa jopo, uliotolewa Oktoba 2018, ulisimama juu ya jambo ambalo mtu wa msitu angelitegemea kuliko lingine lolote: kwamba leseni ile haikuwa na nguvu tangu mwanzo, kwa kuwa ilitolewa juu ya ardhi iliyohifadhiwa bila ya ruhusa zilizotakiwa, na bila ya tathmini ya mazingira kuwa imetangulia kama sheria ilivyotaka. Wakili wa kimataifa huko mbali alilazimika kusoma tangazo la zamani la gazeti la serikali kuhusu kilima cha Wadigo, na tangazo hilo likaamua kesi. Kampuni iliomba uamuzi ubatilishwe, na mwaka 2021 ombi hilo likakataliwa. Ninapoambiwa kwamba matangazo ya hifadhi ni karatasi tu, hujibu kwamba karatasi hii imeiokoa nchi na deni la dola bilioni 2.

Hata hivyo, karatasi inaweza kubadilishwa kwa karatasi. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 ina njia ya kuondoa msitu katika hifadhi, kupitia maombi na Bunge, na anayetaka kuchimba Mrima kihalali leo atalazimika kupita hapo. Hapo ndipo ningependa sisi wa Kwale tuwe macho, mapema, kabla ya mashine.

Sasa niseme upande ambao wapenda msitu wenzangu huuruka. Tuliposhuka tulipumzika katika nyumba moja ya udongo, tukapewa madafu, na mama mwenye nyumba, aliponiuliza shughuli yangu na kusikia kwamba nimekuja kuangalia ndege na nyani, aliniuliza kwa upole kama nimeona pia kituo cha afya. Sikuwa nimekiona. Vijana wake wawili wako Mombasa wakitafuta kazi za kibarua. Aliniambia kwamba mgodi ukija ataukaribisha, ila anataka aandikiwe kabla ya kuhamishwa, na aandikiwe kwa lugha anayoisoma. Sikuwa na jibu la kumpa, na sioni kwamba ni haki kwa mtu anayeondoka na bodaboda jioni kumwambia anayebaki kwamba mbega watamlisha. Sheria ya madini ya mwaka 2016 inasema kwamba katika kila mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa, asilimia 70 iende serikali ya kitaifa, 20 serikali ya kaunti na 10 kwa jamii inayozunguka mgodi. Kumi kwa mia ya kitu kikubwa ni kitu, na watu wa hapa wanajua kuhesabu.

Wanajua pia mgodi unavyofanana, kwa sababu jirani zao wa Nguluku na Maumba waliishi na mgodi wa mchanga wa titani, uliosafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014 na kufunga kazi mwishoni mwa 2024. Mara nyingi huo ndio mfano unaotolewa: tazama, walichimba, wakafukia, wakapanda miti. Nauheshimu mfano huo, lakini haulingani na Mrima. Kule kulikuwa na matuta ya mchanga, na madini yalitenganishwa kwa maji, sumaku na umeme, mchanga uliobaki ukarudishwa ulikotoka ukiwa bado mchanga. Madini adimu hayatoki kwa njia hiyo. Hutolewa kwa asidi na joto, na mabaki yake hubaki na thoriamu iliyokuwa imetawanyika kilimani, sasa ikiwa imekusanywa mahali pamoja, katika bwawa la tope linalohitaji kulindwa kwa vizazi ambavyo hakuna kampuni inayoweza kuahidi kuwapo. Mionzi ya asili ya Mrima tayari ni mikubwa kuliko ya mahali pengi. Watafiti wameipima tangu miaka ya nyuma, na baadhi ya nyumba zimejengwa kwa udongo wenye mionzi hiyo. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo kuchimba ni kuwasafishia wenyeji. Mimi naona kwamba udongo uliotulia chini ya mizizi na majani ni kitu kimoja, na udongo huohuo ukiwa vumbi la kiangazi linalopeperushwa na upepo juu ya mapaa, visima na mihogo ni kitu kingine. Na maji nayo yana njia yake: nchi hii yote imeinama kuelekea bahari, na Mto Ramisi unamwaga katika ghuba ya Funzi, penye mikoko na wavuvi ambao hakuna aliyewauliza lolote kuhusu Mrima.

Mzee wa kaya alizungumza tulipokuwa tukiagana, na nayaandika maneno yake kama nilivyoyashika. Alisema, "Mwanangu, wakija na vyombo vyao huniuliza kilichomo chini. Nami nawauliza, mtakapomaliza, mvua nitaiombea wapi?" Mtu wa mjini anaweza kulisikia hilo kama swali la imani na kuliweka kando. Mimi, kwa kazi yangu, nalisikia pia kama swali la hali ya hewa: kilima chenye msitu hushika ukungu na mvua, na shimo halishiki.

Sina pingamizi na kila mgodi. Simu ninayotumia ina madini adimu ndani yake, na najua kwamba mashine za hospitali zinazopiga picha za ubongo hutumia sumaku zenye niobiamu. Sehemu kubwa mno ya niobiamu ya dunia hutoka Brazil, na naelewa kwa nini mataifa hayapendi kutegemea mlango mmoja. Ninachopinga ni kuhesabu Mrima kama ghala ambalo kwa bahati mbaya limeotwa na miti. Kama nchi itaamua siku moja, kwa sheria na mbele ya Bunge, kwamba inaitaka niobiamu ile kuliko msitu ule, basi iseme hivyo waziwazi, itaje mbega, shorobo, sange na mti wenye maua meupe kwa majina, na isiandike kwamba watahamia kwingine.

Viatu vyangu niliviosha kwa ndoo nzima ya maji, na maji yale nikayamwaga chini ya mlimau wangu, sijui kwa faida au kwa hasara yake. Katika daftari nimeandika orodha ya viumbe wa siku ile, 23 niliowaona kwa macho na 6 niliowasikia tu, na mbele ya kila jina nimeweka tarehe na saa. Nitarudi Januari, Mungu akipenda, nipite njia ileile. Nikifika pale penye kivuli kizito nitakaa saa mbili nikingoja majani yarushwe, na jioni nitaandika "hakuonekana", na kando yake nitaandika mwezi.